Karakana Iliyokataa Kunijazia Gesi

Ninaandika tathmini hii baada ya kutumia kwa miezi minne kiyoyozi cha gari langu kilichorekebishwa na karakana moja ndogo iliyoko Sinza, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Barabara ya Shekilango. Nimeona ni haki muda huo upite kwanza, kwa kuwa siku ya kwanza kila gari linalotoka kujazwa gesi hupuliza baridi, hata lile lenye tundu. Kazi ya fundi wa kiyoyozi hupimwa wiki ya sita na ya kumi, foleni ikiwa imesimama na jua la Februari likiwa limetua juu ya paa la gari.

Gari langu ni Toyota Raum ya mwaka 2005. Ninaishi Kunduchi, kazi yangu iko Posta, na mara moja kila mwezi humpeleka mama yangu Muhimbili kwa ajili ya kliniki ya shinikizo la damu. Kwa mgonjwa wa umri wake, saa moja na nusu ndani ya gari lenye joto si jambo la kuvumilia tu, na kufungua vioo katika Barabara ya Bagamoyo kunamletea vumbi na moshi wa malori. Mwanzoni mwa Desemba nilianza kuona kwamba hewa ilikuwa baridi tunapoondoka nyumbani, lakini tukifika Mwenge ilikuwa vuguvugu. Pia nilisikia klachi ya kompresa, ile pampu inayozungusha gesi ya kiyoyozi, ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mlio mfupi wa "ta" unaojirudia. Baadaye nilieleweshwa kwamba hiyo ni dalili ya gesi kupungua: presha ikishuka mno, swichi ya presha huizima kompresa ili isiharibike, kisha huiwasha tena presha ikipanda kidogo.

Kabla ya kufika Sinza nilipita kwenye gereji nyingine, ambayo sitaitaja. Huko hakuna aliyeniuliza swali lolote. Kijana alifungua boneti, akaunganisha mpira mmoja wa geji upande wa presha ndogo, akafungua mtungi na kuendelea kujaza hadi paipu ilipotoa jasho, kisha akanitoza shilingi 50,000. Baridi ilidumu wiki tatu. Niliporudi nilitozwa 50,000 nyingine kwa kazi ileile, na safari hiyo ilidumu siku kumi na moja. Nilipolalamika nikaambiwa kwamba gari ni la zamani na kwamba "gesi huisha". Kauli hiyo nimeisikia kwa madereva wengi wa jiji hili, na ndiyo inayotufanya tulipe kila msimu wa joto kana kwamba tunanunua vocha.

Fundi wa Sinza aliisikiliza historia hiyo yote, akatikisa kichwa na kusema: "Pole, dada. Gesi ya gari haiishi kama petroli. Inazunguka humo humo ndani. Ikipungua imetoka, na ikitoka pana tundu. Sikujazii mpaka tulione." Nilimwambia kwamba nilikuwa na haraka, kwamba kesho yake nina safari ya Muhimbili, na kwamba ningelipa bei ya kujaza tu. Alikataa kwa adabu. Siku hiyo nilikasirika. Sasa naona kwamba kukataa kwake ndiyo huduma ya kwanza aliyonipa, na alinipa bure.

Jambo lililonifanya nimwamini ni kwamba hakukimbilia kwenye gesi. Alianza kwa kuwasha kiyoyozi na kuangalia kama feni ya kondensa, ile rejeta ya mbele inayopoza gesi, inazunguka, akatoa kichujio cha hewa ya ndani kilichopo nyuma ya kisanduku cha dashibodi, akanionyesha jinsi kilivyojaa vumbi na majani. Alieleza kwamba gari linalopoza likiwa mwendoni na kushindwa likisimama mara nyingi lina tatizo la feni, wala si la gesi, na kwamba amewahi kupokea magari yaliyojazwa gesi kupita kiasi kwa sababu hiyo, hadi presha ya upande wa juu ikawa hatari kwa kompresa. Feni yangu ilikuwa nzima.

Kisha akaunganisha geji zote mbili, ya buluu ya upande wa chini (presha ndogo) na nyekundu ya upande wa juu (presha kubwa), gari likiwa limezimwa na injini imepoa. Kwa gesi ya R134a, ambayo ndiyo iliyomo katika magari mengi tunayoyaagiza kutoka Japani, mfumo wenye gesi ya kutosha katika joto la nyuzi 30 unapaswa kusoma takriban 95 pande zote mbili kwa kipimo cha presha cha psi. Wangu ulisoma 55. Kipimo hicho kina hila yake, na nilifurahi kwamba aliieleza bila kuulizwa: maadamu bado kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika ndani ya mfumo, presha ya gari lililozimwa hubaki ileile hata kama nusu imekwisha kuvuja, kwa hiyo geji ikisoma vizuri haimaanishi kwamba gesi imetimia. Kipimo cha kweli cha kiasi ni mizani. Presha ikiwa imeshuka hadi 55, basi gesi iliyobaki ni kidogo sana.

Hakuiachia hewani ile iliyobaki. Aliivuta kwa mashine hadi kwenye mtungi wake, kisha akaingiza nitrojeni kavu hadi psi 150 na kufunga valvu. Nilimwuliza kwa nini asitumie vakumu tu, yaani kunyonya hewa yote iliyo ndani, kama nilivyoona kwingine. Jibu lake ninaliandika hapa kwa sababu linamfaa kila mwenye gari: vakumu huujaribu mfumo kwa tofauti ya presha ya anga moja tu, nayo husukuma kutoka nje kwenda ndani, ilhali kiyoyozi kikifanya kazi mchana wa Dar es Salaam upande wake wa juu hubeba presha mara kumi na nne hadi kumi na saba ya hiyo, ikisukuma kwenda nje. Tundu dogo linaweza kufaulu mtihani wa vakumu na bado likamaliza gesi ndani ya wiki mbili. Hewa ya kawaida ya kompresa ya matairi haifai kwa kazi hiyo kwa kuwa ina unyevu, na oksijeni ni marufuku kabisa, kwani ikikutana na oili chini ya presha huweza kulipuka.

Baada ya dakika ishirini sindano ilikuwa imeshuka hadi 140. Hapo akachukua brashi na kikopo cha sabuni ya kuoshea vyombo iliyokorogwa na maji machache, akaanza kupaka kila kiungo, taratibu, akisubiri kidogo kabla ya kwenda kingine. Viungo vya kompresa vilikuwa safi. Valvu za kujazia, ambazo kofia zake za plastiki zilikuwa zimepotea siku nyingi, zilikuwa safi pia. Alipotoa kipande cha mpira kilicho chini ya kondensa, mbele ya rejeta, tukaona doa jeusi lenye ung'avu wa mafuta lililoshika vumbi. Akaniambia kwamba oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo palipo na unyevunyevu wa mafuta ndipo pa kutazama kwanza. Akapapaka sabuni. Kwa muda hakikuonekana kitu. Kisha povu moja, dogo kama kichwa cha kiberiti, likachomoza kwenye kona ya kulia, likavimba polepole hadi ukubwa wa punje ya mahindi, likapasuka, na jingine likaanza palepale. Nililitazama povu hilo nikajua shilingi 100,000 zangu zilikopitia.

Aluminiamu ya kona ile ilikuwa imelika na kufunikwa na unga mweupe. Sisi tunaoishi kando ya bahari hatuna budi kuelewa kwamba hewa ya chumvi huila kondensa kuliko sehemu nyingine yoyote ya kiyoyozi, kwa kuwa ndiyo iliyo mbele kabisa na ndiyo inayopigwa na upepo, matope na kokoto. Kwenye gari langu kile kipande cha mpira kilikuwa kimenasa matope na majani makavu, yakakaa na unyevu wa chumvi kwa miaka. Tangu siku hiyo kila Jumamosi naisuuza kondensa kwa maji baridi yasiyo na presha kubwa, kwani maji yenye nguvu hukunja mapezi yake.

Nilipendekeza ile dawa ya kuziba inayouzwa kwa chupa. Alikataa pia. Alisema dawa hiyo huganda mahali isipotakiwa, hasa kwenye tundu jembamba la valvu ya kupanulia gesi, na kwamba ikiingia kwenye mashine yake ya kuvutia gesi huiharibu. Nilikubali kondensa nyingine. Aliniandikia ukubwa wake, akaniacha niamue kama ninunue mwenyewe Kariakoo au anitafutie. Nilimwachia yeye. Ilipofika alibadilisha oringi zote za viungo alivyovifungua, akazipaka oili kabla ya kuzifunga, akaongeza kidogo oili ya kompresa, aina ya PAG, kufidia iliyotoka, na kuweka draya mpya, kifaa kinachonyonya unyevu, ambayo katika gari langu imo ubavuni mwa kondensa. Draya ikishakaa wazi hujaa unyevu wa hewa ya Pwani na haifai tena.

Pampu ya vakumu ilifanya kazi kwa dakika arobaini na tano. Kazi yake hapa ni kuukausha mfumo zaidi ya kutafuta tundu, kwa sababu maji chini ya vakumu huchemka katika joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Yakibaki, hugandia kwenye valvu au huungana na oili na kutengeneza asidi. Mwisho aliweka mtungi juu ya mizani na kujaza kwa gramu, akifuata kibandiko kilicho chini ya boneti. Magari madogo kama langu kwa kawaida huhitaji kati ya gramu 400 na 500, na kuzidisha hapo hakuongezi baridi bali hupunguza.

Nililipa shilingi 30,000 za uchunguzi, 160,000 za kondensa iliyotumika pamoja na draya, 60,000 za gesi na oili, na 50,000 za ufundi. Jumla ni 300,000. Si fedha ndogo, na ninajua kuna atakayesoma na kuona kwamba kujaza kwa 50,000 ni nafuu. Kwa gari langu unafuu huo ulidumu wiki tatu, kisha siku kumi na moja.

Karakana hii ina kasoro zake. Hakuna mahali pa kukaa isipokuwa benchi moja chini ya mwembe, na kazi iliyoahidiwa kwisha siku hiyo ilikwisha kesho yake mchana, jambo lililonilazimu kumpeleka mama kliniki kwa teksi. Bei ilitajwa kwa mdomo hadi nilipoomba iandikwe, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilitoka baada ya kukumbushwa. Ningependa pia waandike kwenye risiti idadi ya gramu walizojaza, kwani bila namba hiyo mteja hana cha kulinganisha siku atakaporudi. Wenye magari ya haibridi kama Prius na Aqua waulize mapema kuhusu oili: kompresa zao huendeshwa kwa umeme na huhitaji oili ya aina nyingine isiyopitisha umeme, na PAG ya kawaida ikiingia humo ni hatari.

Kuna jambo jingine linalonigusa. R134a ililetwa kuchukua nafasi ya R12, gesi ya zamani ya viyoyozi, iliyopigwa marufuku chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Hii mpya haigusi ozoni, lakini kilo yake moja ikitoka hewani huleta joto sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100, na ndiyo maana mwaka 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, hapa jirani, na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Kumbe gereji ile ya kwanza iliponijazia mara mbili bila kutafuta tundu, gari langu dogo huenda lilimwaga hewani madhara ya zaidi ya tani moja ya kaboni dioksidi. Fundi wa Sinza hakunihubiria hayo, ila nilimwona akifunga mtungi wake kwa uangalifu wa mtu anayejua kilichomo.

Wiki iliyopita nilipita pale kumwomba anipimie. Nje kulikuwa na nyuzi 30, na kipimajoto alichokichomeka kwenye tundu la katikati la dashibodi kilishuka hadi 8. Upande wa chini ulisoma psi 32, wa juu 210, na kompresa ilikuwa imeshika bila kuachia. Nilikuwa nimeshatoa pochi. Akafungua mipira yake, akaweka kofia mpya za plastiki kwenye valvu, akasema, "Rudisha hela yako, dada. Hapa hakuna cha kujaza."