Sola ya mkopo na umeme wa REA: nimelipia vyote viwili

Nilitumia sola ya kulipia kwa siku mpaka nikamaliza mkataba, na sasa nyumba hiyohiyo ina umeme wa gridi ulioletwa na mradi wa REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini. Watu wa vitongoji vya jirani wakiniuliza kipi bora, wengi wanataka kujua taa ipi ina mwanga zaidi. Mwanga si tatizo, zote zinawaka vizuri. Tofauti kubwa niliyoiona ni namna pesa inavyodaiwa, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu.

Tuko wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, kwenye kitongoji cha wakulima wa mpunga na karanga. Pesa kwetu ina msimu. Juni mpaka Agosti mpunga ukiuzwa, nyumba ina uhai. Kuanzia Desemba kila noti iliyomo ndani imeshapangiwa kazi: mbegu, vibarua wa palizi, sare na madaftari ya Januari. Ukitaka kujua kama huduma yoyote ya mkopo inamfaa mkulima, iangalie Februari.

Wakala wa sola alitufikia mara tu baada ya mavuno, na sidhani kama ilikuwa bahati. Kampuni siitaji jina. Seti yake ilikuwa na paneli ndogo ya juu ya bati, boksi lenye betri ya lithiamu, taa nne, redio, tochi na nyaya za kuchajia simu. Kianzio shilingi 30,000, halafu 600 kila siku kwa miaka miwili na nusu, unalipa kwa simu. Nilipomwambia pesa ni nyingi akacheka: "Mama, mia sita si bei ya soda tu?" Nikamjibu kwamba sisi hapa soda hatunywi kila siku, mwanangu. Lakini tulichukua. Simu zetu mbili tulikuwa tunazipeleka senta kuchajiwa kwa 300 kila moja, na tochi za betri kavu zilikuwa zinatumaliza.

Chombo chenyewe nakisifu. Mafundi walikifunga asubuhi na jioni taa zikawaka. Betri ilihimili usiku mzima hata msimu wa mawingu, mradi tusiwashe taa zote kwa pamoja. Taa moja ilipokufa ndani ya muda wa dhamana waliibadilisha bila malipo. Watoto walisoma, redio iliimba, na majirani wakawa wanaleta simu zao kuchaji. Kama ningekuwa napima kifaa peke yake ningekipa alama zote.

Kasoro iko kwenye kufuli. Ndani ya boksi kuna kidhibiti kinachohesabu siku ulizolipia. Ukilipa, unatumiwa namba kwenye simu, unazibonyeza kwenye boksi, linafunguka kwa siku hizo. Siku zikiisha linajifunga lenyewe. Paneli inabaki juu ya bati ikipigwa na jua kutwa, betri imejaa, na ninyi mko gizani. Riba ya kuchelewa haikuwepo, hilo niwe mkweli, ila kila siku ya giza ilisogeza mbele tarehe ya kumaliza. Mwaka wa kwanza tulipofika Februari boksi lilikaa limefungwa muda mrefu kuliko lilivyokuwa wazi, na simu za kukumbushwa zikaanza, kisha zikaja za kutishiwa kwamba watakuja kuling'oa. Ukiwaeleza kwamba mpunga bado uko shambani, kijana wa upande wa pili anakusikiliza kwa adabu halafu anarudia sentensi ileile.

Kuna usiku mwingine pesa ilikatwa kwenye simu, namba za kufungulia zisije kwa sababu mtandao ulikuwa chini. Huduma kwa wateja wakasema tusubiri. Tukasubiri gizani na risiti mkononi. Hapo ndipo baba watoto alipotaka kulitupa lile boksi kisimani.

Sasa hesabu. Mia sita kwa siku ni 18,000 kwa mwezi. Kwa miaka miwili na nusu ni kama 547,000, ukiongeza kianzio unafika 577,000. Dukani Kahama nilikuta seti inayofanana nayo, kwa fedha taslimu, laki mbili na nusu. Ile nyingine yote ni gharama ya kukopeshwa. Siwaiti wezi, maana najua wanachobeba: vifaa vinatoka nje, mtaji wenyewe ni wa kukopa, wakala anafuata wateja kwa bodaboda, na kuna wanaoacha kulipa kabisa. Biashara hii imewatoa jasho hata wakubwa. Mobisol ya Ujerumani, iliyouza sana sola za aina hii Tanzania, iliishiwa nguvu mwaka 2019 ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Kwa hiyo huenda wanaouza kwa mkopo hawapati faida tunayoidhania. Lakini anayelipa ni mimi, na 18,000 kwa taa nne na redio ni pesa.

Nguzo zilifika kitongojini kwetu tukiwa tumeshamaliza mkataba. Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimeshafikiwa, na kazi iliyobaki ni kwenye vitongoji, ambavyo kwa jumla ni zaidi ya 64,000. Wasiokaa vijijini waelewe: kijiji kufikiwa maana yake waya umefika, mara nyingi kwenye shule, zahanati na maduka ya senta. Nyumba yako inaweza kuuona umeme kwa mbali kwa miaka kabla haujaingia ndani.

Ada ya kuunganishwa vijijini ni 27,000. Ni nafuu ya kweli. Tangu Januari 2022 mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo analipa 320,960, kwa hiyo ona serikali inavyobeba. Pesa hiyo haitoki hewani. Mfuko wa nishati vijijini, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2005, unakula asilimia 3 ya kila umeme unaonunuliwa na shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Yule dereva wa bodaboda aliyemleta wakala wa sola alikuwa anachangia nguzo zangu bila kujua.

Basi mtu anasikia 27,000, anafurahi, halafu anakutana na wayaringi. Hapo ndipo wengi wa kitongoji chetu walipokwama, na wengine wamekwama hadi leo, nguzo ikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Huunganishwi mpaka nyumba iwe na wayaringi iliyofungwa na fundi anayetambulika, yenye mchoro na muhuri. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu na sebule. Waya, mabomba ya plastiki, meni swichi, soketi, swichi, holda za taa, chuma cha eathi na ufundi vilikula 280,000. Zaidi ya mara kumi ya ada! Na fundi hana mambo ya mia sita kwa siku, anataka pesa ya vifaa mkononi ndipo apande baiskeli.

Sisi tuliokolewa na kikoba. Nimo kwenye kikundi cha akina mama, tunanunua hisa kila wiki na kukopeshana, na mwisho wa mwaka tunavunja na kugawana. Nilikopa pesa ya wayaringi mwezi Machi, wakanikubalia kurudisha Julai, mpunga ukishauzwa. Hakuna aliyenipigia simu ya vitisho mwezi wa nne, maana wote wanajua mwezi wa nne ni nini. Riba nililipa, ila ilirudi kwetu wenyewe siku ya kugawana. Sijaona mkopo wa umeme uliokaa sawa na maisha yetu kama huo.

Kwa wasio na kikoba kuna kifaa kinaitwa UMETA, yaani Umeme Tayari. Ni boksi linalobandikwa ukutani likiwa na kikata umeme, soketi na sehemu ya taa, kwa ajili ya nyumba ndogo isiyo na wayaringi. Katika baadhi ya miradi ya REA wateja wa mwanzo waligawiwa bure. Mama mkwe anacho kwenye nyumba yake ya vyumba viwili. Kinafanya kazi, na kwa mzee anayetaka taa na kuchaji simu kinatosha. Shida inaanza pale vijana wanapovuta ekstensheni kutoka hapo kwenda chumba cha pili, kisha jikoni, waya unapita sakafuni penye maji na kuku. Ukikichukua, kubali kwamba ni cha chumba kimoja mpaka upate pesa ya wayaringi.

Kuhusu malipo ya mwezi, nilidhani rimoti ya LUKU, mita yetu ya kulipia kabla ya kutumia, imekosea. Sisi wa matumizi madogo tuko daraja la D1: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, ukiweka kodi na tozo inakuwa 122. Balbu nne za wati 9 zikiwaka saa tano kila usiku hazifikishi uniti 6 kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa muda huohuo inaongeza saba na nusu. Jumla ni karibu uniti 13, chini ya 1,700. Kwenye sola hiyo ni pesa ya siku tatu. Ila chunga usizoee kuvuka 75, maana zinazozidi ni 350 kila moja kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo unahamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ambako hata uniti ya kwanza ni 292 bila kodi. Jirani mwenye friji ya soda na pasi ameshahama.

Umeme wa gridi nao hukatika, hasa mvua za kwanza zikija na upepo. Sola yetu tumeiacha palepale, imeshafunguliwa moja kwa moja, haidai mtu. Usiku wa kukatika ndiyo inayotuangazia.

Mwezi Januari 2025 marais wa Afrika walikutana Dar es Salaam kuhusu mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Niliusikia redioni nikawaza jambo moja. Kama ile 18,000 ya mwezi niliyokuwa nailipia sola ningeilipia wayaringi, 280,000 ingekwisha kwa miezi kumi na sita. Ingeweza kukatwa kidogo kidogo kwenye LUKU kila mtu anaponunua uniti, kingi wakati wa mavuno, kidogo wakati wa njaa. Mita ipo, simu ipo. Anayekosekana ni wa kumlipa fundi mwanzoni.

Shemeji yangu anaishi ng'ambo ya mto, nguzo ya mwisho iko mbali naye na hajaambiwa lini itasogea. Yeye nimemshauri achukue sola, tena ya mkopo kama hana taslimu, ila asaini Julai na alipie miezi mingi kwa mkupuo pesa ikiwa bado ipo, boksi lifike Aprili likiwa wazi. Na kabla ya kusaini amuulize wakala mambo mawili, amwandikie kabisa: likifungwa kwa muda gani ndipo wanakuja kuling'oa, na akimaliza deni mapema anapunguziwa kiasi gani. Wakala wa kwanza aliyeulizwa hivyo alisema atarudi na majibu. Tunamsubiri.