Angus & Julia Stone: uanze kununua albamu ipi

Kama mwezi huu una hela ya santuri moja tu, chukua Down the Way ya 2010, hizo zingine zitakuja baadae. Angus na Julia ni mtu na dada yake kutoka Sydney, wazazi wao nao walikuwa waimbaji wa folk, na mpaka kwenye albamu hiyo kila mmoja alikuwa anaandika nyimbo zake kivyake halafu mwenzie anamsindikiza, ndo maana ukiisikiliza unaona watu wawili wanapokezana kusimulia. Big Jet Plane ya Angus ilishika namba 1 kwenye Hottest 100 ya 2010, orodha ya nyimbo 100 zinazopigiwa kura na wasikilizaji wa redio Triple J ya Australia, na albamu yenyewe ikabeba tuzo ya ARIA, zile tuzo za muziki za Australia, ya albamu bora ya mwaka. Ila mi sindano yangu huwa inaenda Santa Monica Dream, gita limetulia, sauti zao zinatembea bega kwa bega, ikipigwa usiku taa zimezimwa simu hata ikiita siinuki.

Ya pili ni ile ya 2014 yenye majina yao. Walikuwa wameshatengana kikazi, kila mtu na albamu zake, akaja produsa Mmarekani Rick Rubin akawarudisha studio na hapo ndo wakaanza kuandika nyimbo pamoja kwa mara ya kwanza. Sikiliza Heart Beats Slow wanavyojibizana. Kuna wanaoiweka hii juu kabisa na nawaelewa, ila kwangu zile sauti mbili zilivyoyeyuka ikawa moja kuna kitu kidogo kilipotea.

Ya tatu A Book Like This, 2007, albamu yao ya kwanza, wanaimba kama wamekaa sebuleni kwako. Baada ya hapo Cape Forestier ya 2024, halafu Snow ya 2017 ambayo ni tamu kwa safari ndefu. Life Is Strange ya 2021 waliitengeneza kwa ajili ya gemu ya Life Is Strange: True Colors, kama hujaicheza iache mwisho.

Sasa ukinunua santuri iliyotumika, usikubali picha ya kava peke yake, mwambie muuzaji aishike sahani aiinamishe chini ya taa akupigie picha pande zote mbili, na nyingine ya ubavuni uone kama imenyooka. Mi niliwahi kutumiwa imepinda kama bakuli, wimbo wa pili sindano inaruka kila mzunguko, na hela sikurudishiwa, iliniuma sana maana niliidunduliza. Mkwaruzo mwepesi unaoonekana kwenye mwanga tu mara nyingi hausumbui, ila ule ambao ukipitisha kucha inakwama achana nao hata kama bei ni ya kutupa. Na kama ni toleo la sahani mbili, hakikisha zote mbili zimo ndani kabla hujatuma hela.