Swift Sport ya mkononi: miezi 14 ya kuhesabu lita

Siku ya kwenda kulikagua gari, boneti niliiacha kwanza, nikafungua kifuniko cha tenki. Ndani yake kulikuwa na kibandiko cha Kijapani kilichopauka kwa jua. Muuzaji, kijana mstaarabu tu, akaniambia, "Kaka, hayo ni maandishi ya kiwandani, wala hayana shida." Nikakipiga picha, simu ikanitafsiria: petroli isiyo na risasi, ya premium. Hapo nikajua nanunua gari lenye masharti kama dawa ya mganga.

Gari lenyewe ni Suzuki Swift Sport, umbo la ZC31S, lile lililotoka kati ya 2005 na 2010. Langu ni la 2008, gia tano za mkono. Injini ni M16A ya cc 1,586, nguvu ya farasi 125, na uzito wa gari zima unazunguka kilo 1,060. Nililipa milioni 11.5 hapa Dar, dashibodi ikisema limetembea kilomita 128,000, na hilo namwachia Mungu na dashibodi yenyewe. Wengi wakiliona wanasema, "Aah, Swift, hilo linanusa tu mafuta." Kwa Swift ya kawaida ya cc 1,300 ni sawa. Hili ni ndugu yake aliyepita jeshini.

Kabla sijataja namba niseme ninavyopima, maana wengi wetu tunaweka mafuta kwa hela. "Niwekee ya elfu ishirini," kesho ya elfu kumi, keshokutwa ya elfu thelathini, halafu mtu anakuapia gari lake linakwenda kilomita 18 kwa lita. Amejuaje? Mimi najaza mpaka pampu ijikate yenyewe, naandika odometa kwenye kidaftari kilichopo chini ya kiti, natembea, narudi sheli ileile, najaza tena mpaka ijikate. Kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Hakuna uchawi mwingine.

Tenki la kwanza lilinipa 8.4. Nilikaribia kulia. Mke wangu akauliza, "Baba Nasra, tumeuziwa gari au Fuso?"

Kumbe sehemu kubwa ya balaa ilikuwa ya mwenye gari aliyetangulia. Alikuwa anaweka oili ya 20W-50, nzito kama asali ya baridi, wakati injini hii inataka 5W-30. Matairi ya mbele yalikuwa na presha 24, na ile inayotakiwa imeandikwa pale kwenye fremu ya mlango wa dereva, ukifungua tu unaiona. Plagi zilikuwa nne za aina mbili tofauti. Fundi wangu alizipanga juu ya gazeti, akazitazama, akatikisa kichwa kama daktari anayesoma majibu mabaya. Tulibadilisha plagi zote na oili, tukasafisha throto (mlango wa kuingiza hewa kwenye injini), tukaweka chujio jipya la hewa. Tenki lililofuata: kilomita 352, lita 34.6. Hiyo ni 10.2 kwa lita, kwa safari zangu za Tegeta hadi Posta na kurudi, foleni ya asubuhi na ya jioni, AC ikifanya kazi saa zote. Tangu hapo, kwa mji, namba inacheza kati ya 9.8 na 10.8. Wiki ya sikukuu, barabara ikiwa nyeupe, niliwahi kuona 12.6.

Kwa hesabu ya shilingi 2,900 kwa lita na kilomita 1,100 kwa mwezi, ni kama laki 3 na elfu 13. Kwa gari dogo hivi si kidogo, na anayetaka kubana matumizi akatafute Vitz, tusidanganyane. Gia za gari hili ni fupi. Kwenye gia ya tano, mwendo wa 100, sindano ya mizunguko ipo jirani na 3,000, na kila mara unajikuta unatafuta gia ya sita ambayo haipo. Utamu wake uko juu, ikishavuka 4,500, na ukiufuata huo utamu kila siku, kidaftari kitakusuta.

Sasa turudi kwenye kibandiko, maana hapa ndipo watu wengi wanapotapeliwa.

Japani wanauza petroli za aina mbili: ya kawaida, ambayo kiwango chao kinataka okteni (nitaieleza hapo chini) isiyopungua 89, na ya juu, isiyopungua 96. Swift Sport inataka ya pili. Kwenye sheli ninazopita mimi, pampu zimeandikwa petroli na dizeli, basi. Hakuna cha kuchagua namba. Kwa hiyo ukimuuliza muuza vipuri, jibu lake liko tayari juu ya kabati: chupa. Dawa ya kuongeza okteni. Unamimina kabla ya kujaza, gari linaruka kama swala, na mafuta yanapungua kuliwa. Ndivyo anavyosema.

Okteni haina nguvu ndani yake. Ni uvumilivu tu: petroli inastahimili kiasi gani kubanwa na kupashwa joto bila kujiwasha yenyewe. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi mdomo wa pampu unavyopata moto. Ndani ya injini hii hewa na petroli vinabanwa mara 11.1, na joto linapanda hivyohivyo. Petroli isiyo na uvumilivu inalipuka sehemu nyingine kabla moto wa plagi haujaifikia, na hapo unasikia injini inagonga. Suzuki walilijua hilo, wakafunga sensa kwenye bloku ambayo kazi yake ni kusikiliza tu. Ikisikia injini inagonga, kompyuta inachelewesha cheche. Injini inapona, lakini nguvu inapungua, na wewe dereva bila kujua unaongeza mguu. Kwa gari lililoundwa kwa okteni ya juu, hiyo ndiyo hasara: unakanyaga zaidi kupata kilekile. Gari ambalo halikuundwa kwa ajili yake, IST kwa mfano, halina cha kufaidi. Mwenye IST anayemimina chupa anaichangia familia ya muuza vipuri.

Na mimi nilichangia pia. Nilinunua chupa 3, nikamimina moja kila tenki. Tenki tatu zenye dawa: 10.3, 10.1, 10.6. Tatu zisizo na dawa, njia ileile: 10.4, 10.2, 10.5. Chupa imeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba inaongeza pointi 3. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba katika biashara hii "pointi" mara nyingi ni sehemu ya kumi ya namba. Pointi 3 ni 0.3. Nilitamani kuirudisha na chupa yenyewe ilikuwa tupu.

Kilichobadilisha mambo ni sheli ninayoweka mafuta. (Na sheli zetu zitabaki sheli hata bango likiwa la kampuni nyingine kabisa.)

Mwezi wa sita tulikwenda Iringa msibani. Dar nilitoka na tenki zima, lakini kwa haraka ya msiba sikuongeza Morogoro, na tulipovuka mbuga ya Mikumi mshale ulikuwa chini. Nikaingia sheli ndogo ya njiani, pampu 2, nikaweka lita 15. Baada ya Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu, kuna mlima Kitonga, na asiyeupanda Kitonga saa saba mchana nyuma ya malori ya Zambia na Kongo hajui joto la injini. Niko gia ya tatu, AC inafanya kazi, abiria watatu. Nikakanyaga kulipita lori moja. Ghafla chini ya boneti nikasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo la Africafe. Nikaachia, ikanyamaza. Nikakanyaga, kopo likarudi. Nikazima AC, nikashusha gia ya pili ili injini izunguke bila kubebeshwa mzigo, tukapanda polepole kama malori yenyewe. Shemeji yangu kiti cha nyuma akaanza kusali.

Iringa fundi mmoja alivuta mafuta kidogo kwa mpira, akachovya kitambaa, akakianika kwenye ukuta juani. Pembeni akaanika kingine chenye petroli aliyokuwa nayo yeye. Chake kilikauka tukiwa bado tunasalimiana. Changu kilibaki na utelezi, na nilipokinusa nikakumbuka chemli ya bibi. "Mzee, hii imechanganywa," akasema, na wala hakuonekana kushangaa. Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana. Ukiyatia kwenye petroli, uvumilivu wote niliousema hapo juu unakwisha.

Uchakachuaji si habari mpya kwetu. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kutia vinasaba (alama za kuyatambua) kwenye mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya ipungue. Mambo yalitulia sana kulinganisha na zamani, lakini kutulia si kwisha. Siwezi kuapa kwamba ni sheli ile iliyofanya mchezo au ni aliyeiuzia. Najua tu kilichokuwa kwenye kitambaa.

Kitu kimoja kilinichanganya: nilipokuwa nazunguka Iringa mjini na mafuta yaleyale, kopo lilikuwa limenyamaza karibu kabisa. Nilidhani gari limejitibu. Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inavuta hewa kidogo na mbano ndani unapungua. Mafuta mabaya yanavumilika zaidi huko kuliko Dar. Hasara yake ni kwamba na nguvu nayo inapungua.

Mwezi wa 12 nilirudi njia ileile, safari hii kwa adabu. Nilijaza Morogoro kwenye sheli ambayo mabasi na malori yanapanga foleni, nikapanda Kitonga saa nane mchana na AC yangu. Kimya. Kutoka Morogoro hadi Iringa kilomita 306 zilikula lita 21.6, yaani 14.2 kwa lita, na hapo gari limepandishwa kilomita nzima kwenda juu. Kurudi, mteremko ukiwa upande wangu, lita 19.1 kwa umbali uleule: 16.0. Hiyo ndiyo rekodi yangu, na nadhani Mikumi imechangia, maana ndani ya mbuga mwisho ni 70 mchana. Mwendo wa 70 kwa gia ya tano gari hili linageuka mtawa. Ukienda 120 mikoani unalipia mara mbili, mara ya kwanza sheli na mara ya pili kwa afande mwenye tochi ya kupima mwendo.

Kuna na lile la pampu. Mtaani kwetu nilikuwa na sheli niliyoizoea kwa sababu iko karibu na vijana wake wanachangamka. Siku moja mshale umesimama kwenye robo, pampu ikajikata ikisoma lita 38.7. Tenki la gari hili ni lita 43. Robo ikiwepo, zinatakiwa kuingia kama 32, weka 34 kwa ubishi wa mshale. Nikamwambia kijana, akanijibu, "Bosi, mafuta yakipata joto yanapungua." Sikutaka fizikia ile. Siku hizi naangalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu, nashuka, nasimama mbele ya pampu niione ikianza na sifuri. Sheli ile sijarudi.

Gesi? Nimeipigia hesabu zaidi ya mara moja. Kilo ya gesi asilia nimekuwa nikiiona kwa 1,550, na kilo moja inafanya kazi ya lita moja na nusu ya petroli hivi. Ile laki 3 yangu ingeshuka hadi kama laki 1 na elfu 11. Karakana niliyoulizia ilinitajia milioni 1.8 kufunga mfumo, kwa hiyo ndani ya miezi 10 hela imerudi. Na kwa kichekesho, okteni ya gesi inapita 120, injini yenye mbano wa 11.1 ingeifurahia kuliko petroli yoyote ya hapa. Kwa karatasi, mimi ni mjinga kutofunga.

Lakini buti la Swift linabeba begi moja na ndoo ya nyanya za Ilula. Mtungi ukiingia, begi na ndoo vinahamia kwa Nasra kiti cha nyuma. Mtungi ni chuma, uzito wote unakaa nyuma ya ekseli, na gari hili sababu pekee ya kulipenda ni linavyokata kona. Gesi pia inachukua nafasi ya hewa kwenye silinda, nguvu inapungua. Halafu foleni ya kujaza. Rafiki yangu wa IST amefunga, anaokoa hela kwelikweli, namwonea wivu kila mwisho wa mwezi. Juzi alinipigia saa nne usiku akiwa kwenye mstari, mbele yake bajaji hazihesabiki, anataka tu mtu wa kuongea naye asisinzie.

Kwa aliyeliona moja kama hili sokoni: nusa tenki kabla ya kununua, uliza oili gani inawekwa, lipeleke mlimani lina joto ukiwa umefunga redio. Kibandiko changu kile, vijana wa kuosha magari walishakibandua. Kidaftari bado kipo. Jana: kilomita 371, lita 35.9.