Moroni ama Victoria? Ukiwa mtu wa Lamu pesa yako ipeleke wapi

Hili swali linaulizwa sana na wale wameweka akiba kidogo ya safari na hawataki Dubai ya kuzunguka madukani, wanataka mji mkuu mdogo, wa bahari, unaoutembea kwa miguu. Hapa kwetu Bahari ya Hindi majina yanayorudi ni mawili, Moroni ya Komoro na Victoria ya Shelisheli. Mi nasema mapema kabisa, kwa mtu wa Lamu Moroni ni nambari moja. Kuna watu nitawaambia wageuze, nitawafikia.

Moroni kwanza. Mji umekaa pwani ya Ngazija, kisiwa kikuu cha Komoro, chini ya Karthala, mlima wa moto wa mita 2,361 ambao uko hai mpaka leo, 2005 ulilipuka majivu yakaharibu maji kwenye matangi ya watu, na ndio maana mawe unayoyakanyaga kule ni meusi, si matumbawe kama yetu. Ingia madina, yaani mji wa kale, asubuhi. Vichochoro vyembamba kama vya mtaa wetu wa Mkomani, salamu kila kona, kina mama wamejitanda leso, wazee na kanzu na kofia zao wamekaa barazani, na ukishuka baharini unaukuta Msikiti wa kale wa Ijumaa, mweupe, una matao mbele, wenyewe wanauhesabu tangu 1427. Tena sisi tuna deni kule jamani, Habib Swaleh, yule shekhe aliyetuachia msikiti wa Riyadha hapa Lamu, alitoka Ngazija, kwa hivyo ukiwa umekulia kwenye maulidi ya Lamu huwezi kujiona mgeni pale. Lugha nayo ukitega sikio unashika mengi, ila ofisini ni Kifaransa. Mkate wa sinia upo, wali wa nazi upo, na kama pesa inaruhusu kula kambakoche wa sosi ya vanila angalau mara moja.

Sasa shida zake, manake zipo na ni bora uzijue. Umeme hukatika, barabara zina mashimo, na ufukwe wa mjini una taka, kwa hivyo kuogelea nenda Itsandra ambayo ni karibu tu, ama uende kaskazini mpaka Mitsamiouli. Viza unachukua ukishuka uwanjani Hahaya. Beba euro taslimu, noti safi, mashine za kutolea pesa ni chache na kadi usiitegemee kabisa.

Victoria ni nambari mbili na si kwa ubaya. Ni mji mdogo sana, watu kama elfu 26 hivi, una mnara wa saa wa 1903 katikati, soko zuri la samaki na viungo (nenda Jumamosi asubuhi), hekalu la Wahindi la rangi nyingi, na bustani yenye makobe wakubwa ambao watoto wanawapenda sana. Kiingereza kinatosha, basi za umma zinakuvusha mlima mpaka ufukwe wa Beau Vallon kwa nauli ndogo. Viza hakuna lakini kuna kibali cha kujaza na kulipia mtandaoni kabla ya kusafiri, na sisi wa Kenya lazima tuwe na kadi ya homa ya manjano.

Tatizo ni bei. Malazi ghali, chakula ghali, vitu vingi vinaagizwa kutoka nje. Na mji wenyewe siku moja umeumaliza, kinachobaki ni fukwe, na hapo ndipo mimi nakwama, mtu ana ufukwe wa Shela na mchanga wote ule mlangoni kwake halafu alipe pesa zote hizo kwenda kuona mchanga mwingine? Kama ni fungate sawa, nenda, na mpande boti mpaka kisiwa cha Praslin mkaone msitu wa Vallée de Mai na zile nazi kubwa za ajabu, coco de mer. Kama una watoto wadogo, ama mzee ambaye miguu haimsaidii, pia chagua Victoria, utapumzika kweli.

Kote kuwili unapitia Nairobi, kwa hivyo nauli ya ndege ya Manda, uwanja wetu wa Lamu, iweke kwenye hesabu tangu mwanzo, wengi wanaisahau. Msimu wa kusi ndio mzuri, kule Komoro mvua zimepungua na Karthala inapandika, na Beau Vallon imekingwa kidogo dhidi ya upepo. Ila Julai na Agosti Wangazija walioko Ufaransa wanarudi kwa harusi za ada, zile kubwa za kimila, ndege zinajaa na nauli inapanda. Kama una mwenyeji wa kukualika harusini, nenda miezi hiyo hiyo na ukate tiketi mapema sana. Kama huna, nenda Juni ama Septemba.