Koti ya Gikomba kwa theluji ya Minnesota: nimeivaa miezi mitatu, haya ndio maoni yangu

Wacha nianze na kwapa. Hii koti nilinunua Gikomba, soko la mitumba hapa Nairobi, mwezi wa kumi na moja, ya bluu iliyokolea, nzito, zipu kubwa ya plastiki mbele, na chini ya kila kwapa kuna zipu ingine ndogo. Kwapani! Nikauliza muuzaji hii ni ya nini, akafungua akafunga akaniambia siz hio ni staili tu. Mimi nikaona hapo upepo utaingia, nikapeleka kwa fundi wa pale kando azishone zote mbili, mia moja. Akashona ya kushoto, kufika ya kulia sindano ikavunjika, mawingu nayo yameshajaa na nataka kuwahi matatu kabla mvua, nikamwambia wacha tu hio moja itakaa hivo.

Sasa hio ya kulia ndio ilinifunza hii koti ni ya nini.

Stori ni kwamba mdogo wangu anaishi Minneapolis, huko Minnesota, Marekani, na bwanake na watoto wawili, wa tatu alikuwa anatarajiwa katikati ya Desemba, nikaitwa nikamshikie nyumba. Akaniambia usijali mambo ya koti tutanunua ukifika, nikauliza bei akasema ya maana ni kama dola 200. Weeh. Nikamwambia hizo koti si ndizo zinatoka huko zinaletwa Mombasa kwa meli ndani ya mabelo, nitarudisha moja kwao mimi mwenyewe. Alicheka lakini nilikuwa serious kabisa.

Nilienda asubuhi mapema wakati belo zinafunguliwa, juu ukichelewa kamera, yaani zile nguo safi za kwanza, zote zimechukuliwa unabaki kuchakura fagia, yale mabaki. Kwa koti nzito lakini si lazima upigane sana, Nairobi nani anataka koti ya theluji Novemba? Wateja wa hizo ni mawochi, watu wa bodaboda na watu wa Limuru, na hao wananunua Juni Julai wakati sisi hapa tunafika digrii 11 tunaanza kulia. Alianza na 1,800 tukamalizana 950. Marvin ya kuvaa kichwani 50, glavu za sufi 100, buti 1,200, na koti mbili za watoto 300 kila moja za kupeleka zawadi.

Kabla nilipe nilifanya vitu viwili ambavyo nashukuru. Kwanza niligeuza koti ndani nje nikaangalia kitambaa pale kwa mishono, juu zile za kuzuia maji zikizeeka huwa zinabanduka vipande vyeupe kama mba, ukiona hivo wachana nayo. Pili nilimwaga maji ya kunywa kidogo begani, yakasimama matone matone yakateleza chini. Muuzaji akaninunia, ati namlowesha mali. Na niliangalia lebo pia, hii ni ya pamba ya plastiki, sio manyoya. Yale manyoya ya bata ni moto kushinda lakini ukifua kwa beseni hapa kwetu yanashikana mabonge, jirani yangu alifanya hivo sasa koti yake imekuwa kama gunia la viazi. Yangu nilifua Umoja, ikakauka kwa kamba siku mbili na ile harufu ya mitumba ikaisha.

Kulikuwa na vitu vingine viwili hatukuvielewa, mimi na muuzaji. Ndani kiunoni kuna mkanda mpana wa lastiki na vifungo vya kubonyeza, akasema huo ni wa kuficha pesa wezi wasione, na kwa vile tulikuwa Gikomba nikaona ina maana. Alafu kwa zipu ya mfuko kulikuwa na kikaratasi kigumu kimefungwa na kawaya, maandishi yamefutika. Nilisahau kukikata.

Shemeji alipokiona siku ya kwanza hapo mlangoni alishika ukuta akicheka. Kumbe ni tiketi ya kupandishwa mlimani kwenda kuteleza na zile mbao za miguuni! Unaifunga kwa koti wanaikagua kila ukipanda. Yaani nimevaa koti ya mtu wa michezo. Ule mkanda wa pesa ni wa kuzuia theluji isikuingie mgongoni ukianguka, na zipu za kwapa ni za kutoa jasho. Nikamwambia jasho gani na hii baridi. Akaniangalia tu akasema utaona.

Nikaona. Minneapolis theluji ikiacha kuanguka uko na saa 24 uwe umesafisha njia ya miguu mbele ya nyumba yako, ni sheria ya mji, na shemeji anafanya kazi ya usiku, mdogo wangu ana mtoto wa siku tisa, sasa koleo la theluji ni la nani? Saa kumi na moja asubuhi niko nje na boshori ya shemeji juu ya marvin yangu. Mtoto wao wa kwanza, kijana wa miaka saba, alikuwa ameniambia usiku "anti kesho ni nne" nikafikiria nne, si mbaya, kumbe huko wanahesabu kwa Farenihaiti na nne yao ni kama kumi na sita yetu chini ya sifuri. Theluji ya baridi hivo inalia ukiikanyaga, ile sauti ya kufinya paketi ya unga wa ugali ukiangalia kama iko na mabonge. Hakuna sauti ingine mtaani mzima, ni mimi na huo unga.

Dakika kumi na tano za koleo nimeanza kutoka jasho kama niko jua la Mombasa. Nikafungua zipu ya kwapa ya kulia, wacha, nikasikia mvuke unatoka. Upande wa kushoto ni ule fundi ameshona. Niliporudi ndani nikavua, sweta upande wa kulia kavu, upande wa kushoto ungeweza kuikamua. Na shida ya jasho huko sio harufu, ukisimama tu kupumzika ile nguo mbichi inakuwa barafu mgongoni, ndio maana hata fulana ya pamba mdogo wangu alinikataza, ati vaa sufi au zile za nyuzi za plastiki. Kwa hivo koti yenyewe hapo sina neno. Mabega hayakulowa hata siku moja, shingo inafika mpaka puani, mifuko imeshonewa kitambaa laini ndani.

Glavu ni hadithi ingine. Sufi ya mia moja ni ya Nairobi, theluji inashika kwa nyuzi, ukiingia ndani inayeyuka, ukitoka tena umevaa maji. Nilikuwa nazianika juu ya yale matundu ya sakafuni, juu huko hakuna jiko la kuota, kuna tanuru ya gesi chini ya nyumba inapuliza hewa moto inatokea kwa matundu kila chumba. Hapo kwa tundu la sebuleni ndio kijiji kizima. Asubuhi nje bado giza watoto wamekaa juu yake na blanketi wanagombania, soksi zinakauka, chupi za mtoto mchanga zinakauka, mimi nasubiri glavu. Na hio hewa ni kavu sana jamani, nilipauka mpaka kope, ukigusa kitasa unapigwa na shoti. Nilikuwa naweka sufuria ya maji kwa jiko ichemke pole pole siku nzima ndio mtoto apumue vizuri, na jioni nikipika chapati madirisha yote yanajaa mvuke unaganda pembeni. Jua lenyewe lilikuwa linazama saa kumi na nusu. Mara ya kwanza nikaanza kupika chakula cha usiku nikidhani saa imeharibika.

Buti sasa. Hapa ndio nataka msomaji wa hii kitu asikie. Kwa macho zilikuwa safi, ngozi nzuri, manyoya ndani, soli nene haijaisha hata kidogo, na hio ndio ilikuwa alama ya hatari na mimi sikujua. Kuna soli za aina ya sponji ya poliyurethani ambazo zikikaa stoo miaka mingi bila kuvaliwa zinaoza zenyewe na unyevu wa hewa, unaona mpya kumbe ndani ni keki. Siku ya tatu ya koleo nikaona vipande vyeusi nyuma yangu kwa theluji nyeupe nikafikiria ni mbwa wa jirani. Ilikuwa ni mimi. Soli ya mguu wa kulia imebaki nusu, soksi imelowa, na sikuwa nasikia uchungu wowote ndio mbaya. Kuvua, vidole viwili vimekuwa vyeupe kama mshumaa. Mdogo wangu na mshono wake akaniwekea miguu kwa maji ya vuguvugu, sio ya moto, na akanikataza kusugua. Vilipoanza kurudi nililia mbele ya watoto. Mpaka shemeji aninunulie zingine nilikuwa natoka na raba zake na karatasi za mkate juu ya soksi, hizo za plastiki.

Kama ni lazima ununue buti Gikomba, bonyeza soli na kucha kwa nguvu na uikunje, ikiacha alama au ipasuke kistari, rudisha. Lakini ushauri wangu ni nunua koti hapa, buti nunua huko.

Koti za watoto zinawatosha vizuri ila kwa gari hawaruhusiwi kuzivaa. Mkanda wa kile kiti cha mtoto ukikaza unakaza koti, gari likigonga koti inajikunja mtoto anabaki ameachiwa nafasi. Kwa hivo wanafungwa na sweta alafu koti inawekwa juu kama blanketi. Kasichana ka miaka minne kanalala nayo mpaka kitandani, ati inanukia anti.

Nimerudi Machi. Wochi wa ploti ameniitisha hio koti mara mbili na sijasema ndio juu mdogo wangu ananitaka tena Desemba. Juzi nilipita kwa yule fundi anifungulie kwapa ya kushoto. Anataka mia mbili, ati kufumua ni kazi kuliko kushona.