Fundi seremala msituni: matembezi ya Amani na muongozaji, nyota nne

Mimi nazijua mbao, miti siijui. Niletee kipande cha mvule au mtiki, hata kama kimepakwa rangi, nitakikwangua kwa ukucha, nitakinusa, nitakwambia ni nini. Lakini nisimamishe chini ya mti wenyewe na majani yake, nitabaki natazama juu kama kuku anayekunywa maji. Nimefanya kazi ya useremala Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa miaka thelathini na mitano, na mpaka mwezi uliopita sijawahi kuuona mvule uliosimama nikaujua kuwa ndio. Mpwa wangu aliposikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, twende Amani," akasema. Tukaenda.

Wanaoandika kuhusu Amani, msitu wa milimani Usambara Mashariki juu ya Muheza, huandika vipepeo, maporomoko na mashamba ya chai. Huko sitakwenda. Naandika kuhusu huduma moja tuliyolipia, kutembezwa msituni na muongozaji, kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama alipe kiingilio tu azunguke mwenyewe au aongeze pesa apate mtu wa kumwongoza. Aongeze. Tena aombe yule aliyewahi kufanya kazi na watafiti.

Njia nitaisema kwa kifupi. Tanga hadi Muheza ni lami. Kuanzia Muheza kupanda mlima, tulipopita sisi, palikuwa vumbi, na mvua ikigusa ni tope. Geti la Zigi lipo bondeni, na pale pana jengo la enzi za reli ya Mjerumani ambalo mimi nililitazama zaidi ya mandhari. Nyumba tuliyolala sitaitaja jina. Mlango wa chumba ulikuwa unakwama kiasi kwamba saa nne usiku niliutoa kwenye bawaba nikauchonga kwa kisu cha matunda ili mtoto wa watu asije akafungiwa ndani. Asubuhi mwenye nyumba aliusifu mlango, akanitoza bei ile ile.

Muongozaji wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye buti za mpira. Nilimwangalia nikashindwa kujua nani mkubwa kati yetu, nikaona heri nijishushe: shikamoo. Akajibu marahaba bila kusita, kwa hiyo mambo yakawa wazi. Ujanani alikuwa akifunga nyavu nyembamba za kunasia ndege kwa ajili ya watafiti. Ndege akinaswa anapimwa, anavalishwa pete mguuni yenye namba, anaachiwa. Mwaka mwingine akinaswa tena, namba inasomwa, inajulikana amekaa wapi na ameishi muda gani. Kazi ya namna hiyo Usambara ilianza mwaka 1987 na mtafiti William Newmark, ikaendelea kwa miongo. Mzee alinionyesha jinsi ya kumshika ndege, shingo katikati ya vidole viwili, ingawa hatukuwa na ndege. Alitumia kidole gumba changu.

Tugombane kidogo kuhusu msumari. Tulifika mahali ambapo miti imepakwa mstari wa rangi kifuani na kila mmoja umepigwa msumari wenye kibati cha namba. Seremala yeyote akiona msumari ndani ya mti damu inamchemka. Msumari uliozama ndani ya gogo hauonekani mpaka meno ya msumeno yamekwishavunjika, na mimi nimepoteza misumeno miwili kwa ujinga huo. Nikaanza kulalamika. Mzee akaniacha nimalize, kisha akaniambia nijaribu kuukwaruza kwa ncha ya funguo. Ulikuwa alumini, laini, haupati kutu. Halafu akatoa futi ya kitambaa akazungusha shina, mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Kimo hicho ndicho wanachopimia karibu dunia nzima, ili mti wa Amani uweze kulinganishwa na wa kwingine.

"Kwa nini mnajisumbua kupima?" nikamuuliza. "Si mngekata mmoja mkahesabu mistari ya miaka?"

Hapo ndipo nilipolipwa pesa yangu yote. Mtiki wa Longuza, shamba la miti la Muheza, ambao naupasua kila siku, una mistari safi, kwa sababu mtiki hupukutisha majani kiangazi na kupumzika. Nikiona mistari imebanana najua miaka ile ilikuwa ya shida. Nilidhani miti yote ni hivyo. Mzee akasema msitu wa mvua kama huu haupumziki hivyo, na miti yake mingi haiandiki miaka yake ndani ya mbao kwa namna ya kusomeka. Ukitaka kujua mti umekua kiasi gani, au kama miti mikubwa inakufa haraka kuliko inavyozibwa na midogo, hakuna njia ya mkato. Lazima mtu arudi kwenye mti ule ule, na futi, baada ya miaka mitano, kumi, ishirini. Akiacha kurudi, zile namba za mwanzo zinabaki namba.

Nilikaa juu ya mzizi nikayatafuna hayo. Maisha yangu yote nimedhani utafiti ni mtu mwenye miwani anayegundua kitu. Kumbe sehemu kubwa ni kurudi.

Sasa nikiri jambo. Nilipokuwa mwanagenzi, miaka ya themanini, magogo na mbao kutoka milima hii zilishuka kwa malori, na karakana zetu zilinukia mbao mbichi. Mwaka 1987 ukataji wa kibiashara kwa mitambo ulisimamishwa Usambara Mashariki. Mafundi tulinuna. Bwana aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alisema wametufungia jiko ili wazungu waje kutazama vinyonga. Kwa miaka yote hiyo niliamini hivyo. Mzee akanieleza upande wa pili: miti ilihesabiwa, miteremko ikapimwa, watafiti wakaandika kuhusu mito na viumbe visivyopatikana mahali pengine duniani, na hesabu ikaonyesha kwamba msitu haukuweza kutoa kile ulichokuwa unadaiwa. Kichekesho chenyewe ni kwamba Finland, iliyokuwa imesaidia kiwanda cha mbao, ndiyo ilikuja kusaidia uhifadhi. Mwaka 1997 hekta 8,380 zikatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini. Bado naona mafundi tungeweza kuambiwa. Hakuna aliyekuja Ngamiani kutueleza.

Mti ulionishangaza kuliko yote si mvule. Mvule niliuona, nikauwekea kiganja, nikatulia, basi. Ni huu uitwao kitaalamu Maesopsis eminii. Mzee aliutamka mesopsisi, nami nitaufuata. Mbao yake naijua: nyepesi, randa inapita kama kwenye sabuni, lakini ukiiacha kwenye mvua inaoza kabla hujalipwa. Nilidhani ni wa hapa. Sivyo. Kwao ni magharibi zaidi, Uganda na kwingineko mpaka Afrika Magharibi. Amani uliletwa kupandwa. Mjerumani alikuwa amefungua kituo cha utafiti hapa mwaka 1902, akakusanya miti ya kila bara aone ipi itaota. Mesopsisi uliota kuliko alivyoomba. Unapenda mwanga, unakua upesi, na hondohondo wanapenda sana matunda yake, wanayameza huku wanaangusha mbegu kule. Walipokata miti mikubwa wakaacha matundu ya jua msituni, ni kama walimfagilia mgeni uwanja.

Kwa hiyo mti uliopandwa na watafiti ukaja kuwa kazi ya watafiti wengine. Wapo walioogopa kwamba utameza msitu wote. Mzee alisema waliofuata waliona mambo ni mchanganyiko, kwamba palipo na msitu mzito usioguswa hauingii kirahisi. Nilipenda kwamba hakulificha hilo. Mtu mwingine angetufanyia hotuba ya sifa.

Kitu kama hicho kingine alituonyesha kwenye ukingo wa shamba la chai, ambapo msitu umebaki vipande vipande kama mabaki ya mbao sakafuni kwangu. Kuna mti mdogo wa hapa hapa Usambara, Leptonychia usambarensis, unaotegemea ndege wabebe mbegu zake. Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha mwaka 2003 walichokiona: kwenye vipande vidogo ndege wabebaji wamepungua, mbegu zinaangukia chini ya mama yao, na miche ni michache. Ukipita unaona kijani, unasema msitu upo. Kumbe kizazi kijacho hakipo. Mzee aliinama akafukua majani chini ya mti mmoja, akaangalia, akainuka bila kusema kitu.

Mpwa wangu akauliza kuhusu joto, maana chuoni ndiyo habari yao. Mzee akasema yeye anajua sweta yake: zamani alikuwa anaivaa miezi ambayo sasa anaiacha msumarini. Lakini akaongeza kwamba sweta si ushahidi. Ushahidi ni kwamba ndege wa Usambara waliorodheshwa kwa kimo cha mlima kati ya 1979 na 1981, na mwaka 2019 watafiti wakarudi kwenye milima hiyo wakaorodhesha tena. Aina nyingi zimehama kupanda. Milima ya Usambara Mashariki haifiki hata mita 1,600. Mpwa wangu akatazama kilele kwa muda mrefu.

Nilikuwa nimesahau kusema kuhusu maji. Mto Zigi unatoka huku, unashuka mpaka bwawa la Mabayani, unaingia mabomba ya Tanga. Chai niliyokunywa asubuhi ile kabla ya kupanda basi ilitoka juu ya kichwa cha huyu mzee. Nimelipa bili ya maji maisha yangu yote nikidhani nailipia bomba.

Mapungufu, maana nyota moja nimeibakiza. Kwanza, miguu. Wakisema matembezi ya saa tatu, wanamaanisha saa tatu za mtu mwenye buti za mpira. Mimi nilivaa viatu vya ngozi vya Ijumaa na nikaanguka mara mbili, mara ya pili mbele ya watoto wa shule. Pili, na hili si kosa la muongozaji: karibu kila alichotueleza kimeandikwa kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo mimi na wewe hatutayashika. Kwa Kiswahili kimo kichwani mwake. Nilimuuliza kama ameandika mahali. Akagonga paji la uso. Watafiti wa miaka yote hiyo, wa nje na wa ndani, walishindwa nini kutoa kurasa nne za Kiswahili kila walipomaliza kazi, wakaziacha Muheza, wakaziacha Ngamiani? Nyota inayokosekana ni yao.

Ushauri kwa anayekwenda: lala huko huko juu, uanze asubuhi mapema kabla ukungu haujaondoka, ndege wanasikika vizuri. Chukua muongozaji kwa siku nzima, si nusu. Na muulize maswali ya kazi yako wewe. Mama wa baiskeli ya mboga amuulize kuhusu mihogo, maana kituo kile kile cha utafiti cha Amani, wakati wa Mwingereza, ndicho kilichozalisha mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato ikasambaa Afrika. Mimi hilo lilinipita, nilikuwa bado nafikiria msumari.

Kabla hatujaachana nilimwomba mzee futi yake. Nikachagua mti mmoja wenye kibati, nikauzungusha mwenyewe, sentimita thelathini juu ya mita moja, upande wa juu wa mteremko kama alivyonifundisha. Sentimita 214. Sikuwa na karatasi, nikaandika namba ya kibati na kipimo nyuma ya kipande cha msasa kilichokuwa mfukoni. Kipo ukutani karakana, karibu na kalenda, na vijana wangu wameambiwa asikiguse mtu hata msasa ukiisha.