Rangi za viti vya gari vya ngozi bandia: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama kiti kimepauka lakini hakijachanika, nunua rangi ya kopo la kupuliza iliyoandikwa kuwa ni ya vinili, yaani ile plastiki ya ngozi bandia. Hiyo ndiyo nambari moja, na zinazofuata ziko mbali nyuma yake. SEM Color Coat, Dupli-Color Vinyl & Fabric na nyingine za aina hiyo hushika vizuri kwenye vinili, na zikikauka hupinda pamoja na kiti unapokaa.

Ila pesa ya kwanza itoe kwenye usafi. Viti vingi vimepakwa kwa miaka vile vimiminika vya kung'arisha dashibodi. Vingi vina silikoni, na rangi ikikutana nayo hujikusanya vitone au hubanduka maganda. Sugua kwa sabuni ya maji na brashi laini, hasa kwenye mishono ambako jasho hujificha. Suuza, kausha kabisa, kisha pangusa kwa spiriti. Tina (thinner) ya gereji usiiguse, inaweza kuila vinili yenyewe. Jaribu upande usioonekana: puliza, iache ikauke, bandika tepu ya karatasi halafu ivute. Ikitoka na rangi, rudi kwenye sabuni. Ikishika, puliza tabaka nyembamba, ukingoja kama dakika 10 kabla ya jingine, milango wazi na barakoa usoni. Kufunika krimu kwa nyeusi ni rahisi. Kinyume chake utamaliza makopo, na kila mkwaruzo utaonyesha weusi wa chini.

Ya pili ni rangi ya maji ya kupaka kwa sponji. Haina harufu kali, na huchanganywa hadi ifanane na kijivu cha kiti chako. Inataka subira, na tabaka la kinga juu yake.

Ya tatu, rangi ya bodi iliyotiwa kilainishi cha plastiki. Hapo unanunua mkono wa mchanganyaji kuliko rangi yenyewe.

Rangi ya kupuliza mageti hukakamaa ikapasuka, na kiwi ya viatu itaishia kwenye suruali ya abiria. Zote mbili ziache, hata zikiwa za bure.

Kiti kilichoachia mshono hakina dawa kwenye kopo. Fundi wa viti abadilishe kwanza kipande hicho, ndipo upulize vyote vifanane.